Mtu ni Afya: Neno la Tiba Kandokando ya Ziwa Victoria

Mwaka wa 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwafundisha watu wapatao milioni mbili kwa wakati mmoja, na walio wengi katika hao hawakupata kuona hata paa la chuo hicho. Hawakuandikishwa katika daftari la wanafunzi, hawakuvaa majoho, wala hapana aliyewapa shahada. Walikaa juu ya vigoda, magogo na mikeka, katika vivuli vya miembe na katika mabanda ya shule. Wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakabishana. Kisha walikwenda wakachimba vyoo. Kazi hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoiongoza, ilikuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu, na iliendelea kuwa hivyo mpaka sheria ya mwaka wa 1975 ilipoipa mamlaka yake yenyewe.

Wanafunzi wa historia ya elimu huitaja kazi hiyo kwa hesabu zake, na hesabu hizo zastahili kutajwa. Walakini iko njia nyingine ya kuitazama, nayo ni kusimama mahali pamoja na kuangalia yaliyoitangulia na yaliyoifuata. Mwanza na pwani za Ziwa Victoria zafaa kwa shabaha hiyo kuliko mahali pengi. Maradhi yaliyofundishwa mwaka ule yote yalikuwa wenyeji wa nchi ile, na moja katika hayo lilikuwa mwenyeji wa ziwa lenyewe. Tena, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, mwambao huo umefanywa kama darasa ambamo elimu ya tiba imejaribu kusema na watu kwa namna mbalimbali: kwa amri, kwa sindano, kwa redio, kwa mwalimu wa shule na kwa mchungaji wa kanisa. Ni nani aliyesikilizwa, na kwa nini, ndiyo habari inayofuatwa hapa.

Hapo mwanzo hapakuwa na mazungumzo. Mwaka wa 1906 Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla yake, alifika Mwanza kuchunguza malale, kisha akaenda visiwa vya Sese upande wa Uganda ambako wagonjwa walikuwa wengi zaidi. Malale yalikuwa yakiua watu wa mwambao kwa malaki. Koch aliwadunga wagonjwa dawa iliyoitwa atoksili. Dawa hiyo ilipunguza vijidudu damuni kwa muda, ikawapofusha baadhi ya waliodungwa. Upande wa Uganda serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa visiwani na wa kandokando ya ziwa ili mbung'o wakose damu ya kunywa. Huenda kuhama huko kuliokoa roho nyingi. Hata hivyo haikuwa shauri lililojadiliwa. Ilikuwa amri, na mwenye kuamriwa hujifunza jambo moja tu, yaani nguvu ya mwenye kuamuru.

Miaka arobaini na mitatu baadaye, mwaka wa 1949, uchunguzi wa maradhi wa Afrika Mashariki uliwekwa Mwanza pamoja na kituo cha kuchunguza matende na mabusha. Mbegu ile ilikua ikawa taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki. Na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka wa 1977, na sheria ya mwaka wa 1979 kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Mwanza iliendelea kuwa kituo kimoja cha utafiti huo. Vijidudu vya matende vina desturi ya ajabu: mchana hujificha ndani ya mwili, usiku hutoka na kuogelea katika damu ya karibu na ngozi. Mtaalamu anayevitafuta hana budi kupiga hodi usiku, kumwamsha mtu, na kumtoa damu kidoleni kwa mwanga wa taa. Nao ulikuwa wakati ambapo hofu ya mumiani, mtu asemwaye kuwa hunyonya damu ya watu ili ifanywe dawa, ilikuwa imeenea Afrika Mashariki nzima. Fikiri, msomaji, hodi hiyo ilivyosikika. Mwenye nyumba aliyesita kufungua mlango hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyeombwa damu yake na mgeni katikati ya usiku, na hadhari yake ilikuwa busara kamili kwa kadiri ya alivyojua. Mgeni naye alijua mengi sana, lakini maarifa yake yalikwenda kukaa katika taarifa za Kiingereza, mbali na nyumba zilizotoa damu.

Badiliko lililokuja baada ya Uhuru lilianza mahali ambapo hapakuhusiana na tiba. Masomo ya nje ya chuo yalianzishwa Tanganyika mwaka wa 1960 kama tawi la Makerere, mwaka mmoja kabla ya chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kufungua milango katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Yaani elimu ya chuo kikuu kwa watu wasio wanafunzi ilitangulia nchini kuliko chuo kikuu chenyewe. Mwaka uleule wa 1960, katika Nyegezi karibu na mji wa Mwanza, Kanisa Katoliki chini ya juhudi za Askofu Joseph Blomjous liliweka chuo cha mafunzo ya jamii ambacho mwaka wa 1998 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Toka mwaka wa 1968 mji wa Mwanza ulikuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na Unesco, uliohusu mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma havikuanza na paka wala mpira. Vilianza na pamba, ndizi, samaki, ng'ombe na matunzo ya nyumba. Mkulima alijifunza kulisoma neno la kitu alichokuwa amekishika asubuhi ileile shambani. Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe, kisiwa kikubwa cha ziwa hilo, ikawekwa katika wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma kabla ya mwisho wa mwaka wa 1971.

Kwa hiyo uwanja ulikuwa umekwisha limwa. Taasisi nayo ilikuwa imejaribu jembe lake: mwaka wa 1970 ilifanya vipindi vya redio juu ya uchaguzi, vilivyoitwa Uchaguzi ni Wako, na mwaka wa 1971, mwaka wa kumi wa Uhuru, ikafanya Wakati wa Furaha. Katika mwaka huo wa 1971 Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyehamishwa nchini kwake kwa ajili ya mafundisho yake, alifika Dar es Salaam na kuzungumza na watu wa Taasisi. Ni rahisi kuzidisha deni la Tanzania kwake. Yale aliyoyasema juu ya mwalimu na mwanafunzi kukaa kitako pamoja na kuuliza hayakuwa mageni kwa nchi ambayo mambo ya wazee yalikuwa yakiamuliwa barazani kwa kusema mpaka watu wachoke kusema.

Mtu ni Afya ilichukua majuma kumi na mawili. Kundi lilikutana mara moja kwa juma, na mpango wa kukutana ulikuwa mwepesi. Redio ilifunguliwa, kipindi kikasikilizwa. Mmoja ajuaye kusoma akasoma sura ya juma hilo kwa sauti kutoka kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi kubwa. Kisha kiongozi akauliza maswali, na kundi likazungumza. Je, maradhi haya yako kwetu? Yanatoka wapi? Tufanye nini sisi wenyewe? Mwisho wa mazungumzo kundi lilitakiwa kuamua kazi na kuifanya kabla ya kukutana tena. Malaria, minyoo, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu ndiyo yaliyokuwa masomo. Fedha nyingi zilitoka Sweden, lakini kazi ya kufundisha ilifanywa kwa mtindo wa mwenge: wachache walifundishwa semina, wakaenda kuwafundisha wengine, na hao wengine wengine tena, mpaka wakapatikana viongozi wa makundi wapatao 75,000. Aliye mwisho wa mnyororo huo hakuwa daktari wala mwalimu wa chuo. Mara nyingi alikuwa mwanakijiji kama wenziwe, mwenye siku chache za semina, kitabu mkononi, na jirani ambaye kesho angemwona choo chake mwenyewe kikoje.

Hilo la mwisho si dogo. Jina lenyewe lilikuwa na sikio Usukumani, ambako watu wakisalimiana kwa neno mhola huulizana juu ya uzima na amani kwa pamoja. Lakini jina zuri halichimbi shimo. Kilichochimba ni kule kuamua mbele ya watu. Mtu aliyesema barazani siku ya Jumatano kwamba atachimba choo hakuweza kukaa juma zima pasipo kuulizwa. Mhubiri wa afya aliyepita kijijini kwa gari alikuwa amewahi kusema maneno yaleyale miaka mingi, nayo yalipita pamoja na vumbi la gari lake. Sasa maneno yaleyale yalisemwa na watu wenyewe kwa wenyewe, tena kwa ahadi. Vyoo vikachimbwa kwa wingi ambao hapana kampeni ya afya iliyotangulia iliyopata kuuona. Nchi nyingine zilituma watu kuja kujifunza, na wanavyuo wa elimu ya watu wazima wa ulimwengu wanaitaja kazi hiyo mpaka leo.

Yafaa kusema kwa uwazi vilevile mahali ilipokwama, maana sifa tupu haimfai msomaji. Mwezi wa Novemba mwaka uleule wa 1973 ilitangazwa ya kuwa kukaa katika vijiji si hiari tena, ni wajibu wa kila mtu kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Msukuma wa desturi alikuwa akikaa katika kaya iliyojitenga, imezungukwa na ua wa minyaa, mashamba yake pande zote. Mwaka wa 1974 watu wa mkoa wa Mwanza walihamishwa kwa wingi. Walibeba mitungi, vitanda, milango na kuku. Choo hakibebwi kichwani. Shimo ambalo kundi lilikuwa limeahidi, likalichimba na kulijengea ukuta kwa hiari yake, liliachwa nyuma pamoja na minyaa, na mtu akaanza upya mahali alipoonyeshwa kwa kidole. Hivyo ndani ya miezi michache serikali ile ile ilisema na watu wale wale kwa sauti mbili. Kwa sauti moja iliwauliza, wakajibu. Kwa ya pili haikungoja jibu. Kipindupindu kilipoingia nchini katika miaka hiyo ya sabini kilizikuta familia nyingi zimesongamana katika makao mapya, na choo kikawa tena jambo la amri na faini.

Mahali pa pili ni kichocho, na hapa ziwa lenyewe lilikuwa mbishi katika baraza. Mwendo wa maradhi hayo kitabu kiliueleza vizuri. Mayai ya mnyoo hutoka katika haja ya mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kijidudu humwingia konokono. Ndani ya konokono mmoja huzaliwa maelfu, nao hutoka wakati wa jua na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Bara ya Usukuma, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kipo zaidi kichocho cha mkojo. Kandokando ya ziwa kipo zaidi kile cha matumbo, ambacho huvimbisha ini na bandama hata mgonjwa akatapika damu. Dawa ya kukikinga, kwa jinsi ilivyofundishwa, ilikuwa mbili: tumia choo, na usiingie katika maji yenye konokono. Ya kwanza kundi liliweza kuiamua. Ya pili ilimwambia mvuvi asivue, mama asichote maji, mtoto asioge, na mchuuzi wa dagaa asiende kupokea mtumbwi. Mafundisho yakimtaka mtu aache riziki yake huwa yamekwisha kuwa lawama, hata yakisemwa kwa upole. Kitabu hakikukosea neno hata moja juu ya konokono. Kilikosa kumwuliza mvuvi atakula nini.

Baada ya Taasisi kutengwa na Chuo Kikuu ilifanya Chakula ni Uhai mwaka wa 1975, na Misitu ni Mali mwaka wa 1980. Kisha uchumi ulipodhoofika redio za makundi zilinyamaza. Hospitali kubwa ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima kinachoonekana karibu kila pembe ya mji, ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1971, ikatwaliwa na serikali mwaka uliofuata, na mwaka wa 1985 ikarudishwa chini ya maaskofu kwa mapatano. Wakati huo maradhi mapya yalikuwa yamekwisha shuka kutoka Kagera na kuvuka ziwa.

UKIMWI uliirudisha Mwanza katika habari za ulimwengu. Toka mwaka wa 1991 hata mwaka wa 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa, wa AMREF na wa chuo cha tiba za nchi za joto cha London walifanya jaribio katika jamii 12 za mkoa huo. Katika sita, watumishi wa zahanati walipewa mafunzo ya kutambua na kutibu maradhi ya zinaa, dawa zikahakikishwa hazikosekani, na watu wakaelezwa vijijini wafike kutibiwa mapema. Sita nyingine zikangoja zamu. Baada ya miaka miwili, katika kila watu wazima mia, waliopata virusi vya UKIMWI walikuwa 1.9 katika jamii zilizongoja na 1.2 katika zile zilizohudumiwa. Tofauti hiyo, ya karibu sehemu mbili katika tano, ilitangazwa mwaka wa 1995 ikawashangaza wataalamu. Jaribio la Rakai, ng'ambo ya ziwa katika Uganda, ambamo dawa ziligawiwa nyumba kwa nyumba kwa watu wote, wagonjwa na wazima, halikuona nafuu kama hiyo, na mabishano juu ya sababu hayajakwisha. La kutazamwa katika kisa cha Mwanza ni kwamba mazungumzo yaliishia penye mlango wa zahanati uliokuwa wazi na sanduku la dawa lisilokuwa tupu. Aliyeshawishika alikuwa na mahali pa kwenda.

Jaribio lililofuata lastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa lilikuwa la elimu hasa. Liliitwa MEMA kwa Vijana. Katika nusu ya jamii 20 za vijijini za mkoa wa Mwanza, kuanzia mwaka wa 1999, walimu wa shule za msingi 62 walifundishwa kuwafundisha wanafunzi wa darasa la tano mpaka la saba habari za mwili, za uzazi na za UKIMWI. Wanafunzi wenziwao wakasaidia kwa michezo ya kuigiza. Na watumishi wa zahanati wakaelekezwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatwa kwa miaka mitatu. Jibu lilipopatikana lilikuwa na nyuso mbili. Vijana waliofundishwa walijua zaidi, na walisema maneno mazuri zaidi juu ya mwenendo wao. Damu zao lakini hazikusema hivyo: katika maradhi na mimba hapakuonekana tofauti ya kutegemewa baina ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Watafiti walirudi mwaka wa 2007 na 2008, wakapima vijana karibu 14,000, na jibu likawa lilelile.

Ni heshima kwa wenye kazi hiyo kwamba walilitangaza jibu lisilowapendeza. Wengi hulificha. Na wachunguzi waliokwenda kuishi vijijini pamoja na vijana, wakila na kulima nao, walieleza mengi ambayo mtihani wa maswali usingeyatoa. Msichana aliyefaulu vizuri somo la darasani alikuwa bado hana sabuni, hana mafuta, hana fedha ya daftari, na aliyekuwa nazo alikuwa mwanamume aliyezitoa kwa sharti. Mvulana alisikia darasani neno moja na kwa wenziwe kando ya uwanja wa mpira neno jingine. Mwalimu aliyetakiwa kuzungumza nao kama mwenzi kuhusu mambo ya siri ndiye yuleyule aliyeshika fimbo kipindi kilichotangulia. Katika Mtu ni Afya kundi liliamua kazi iliyokuwa ndani ya uwezo wa kundi: shimo ni udongo na jembe. Hapa mtoto wa miaka kumi na mitatu alipewa elimu ya jambo ambalo uamuzi wake haukuwa mikononi mwake peke yake. Kusema kwamba elimu ilishindwa ni kusema upesi mno. Elimu ilifika, ilimkuta mpokeaji amefungwa mikono.

Mwaka wa 2003 Mwanza ilipata chuo chake cha udaktari huko Bugando, kwa ushirika na chuo cha tiba cha Cornell cha New York. Baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi. Mlango uliokuwa Dar es Salaam mwaka wa 1973 sasa ulikuwa ndani ya mkoa. Na kutoka kwa wataalamu wa chuo hicho na wenzao kulitoka semina ambayo, kwa udogo wake, haina budi kuwekwa kando ya kampeni ile kubwa.

Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yaliyotangazwa mwaka wa 2005 na 2007, yalikuwa yameonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya nusu. Wasukuma kwa asili hawatahiri. Serikali ilituma matabibu vijijini, tohara ikawa bure, na katika vijiji vingi wanaume walichelewa kuja. Kikwazo kimoja hakikuwa woga wa kisu. Wakristo wengi waliona tohara kuwa ni alama ya dini nyingine, na waliokuwa wamesoma nyaraka za Mtume Paulo walikuwa na aya za kuonyesha. Tabibu alipoulizwa juu ya Paulo hakuwa na jibu, na hakufundishwa kuwa nalo.

Basi kati ya mwaka wa 2014 na 2015 vijiji 16 vya Kaskazini Magharibi viligawanywa mafungu mawili kwa kura. Vyote vilipelekewa matabibu. Katika vinane viongozi wa makanisa walialikwa katika semina ya siku moja, ambamo tohara ilizungumzwa kwa upande wa tiba, wa mila na wa Maandiko pamoja, na maswali yao yakapokewa; kisha wakakutana na watafiti kila baada ya majuma mawili muda wote wa kampeni. Hawakuagizwa wahubiri nini. Wakarudi makanisani, kila mmoja akasema kwa namna aliyoiona njema. Katika vijiji vyao wanaume waliotahiriwa walifika karibu asilimia 53. Katika vile vinane vingine hawakufika asilimia 30. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 2017. Msomaji makini ataona kwamba hesabu hii ni ya waliotahiriwa, si ya waliookoka na maradhi, na hizo ni hesabu mbili. Lakini kwa swali linalofuatwa hapa ushahidi wake ni mzito: kujibu swali ambalo watu walikuwa nalo kulizaa zaidi ya kujibu swali ambalo hawakuuliza.

Wako watakaosema kwamba mchungaji alisikilizwa kwa sababu ya cheo chake. Mwalimu mkuu pia ana cheo. Koch alikuwa na cheo kuwapita wote. Tofauti ni kwamba mchungaji yule alikuwa amekuja semina na shaka yake mwenyewe, akaitoa hadharani, akarudi kwa watu waliokuwa na shaka hiyohiyo. Kiongozi wa kundi la mwaka wa 1973 alikuwa hivyo pia: alifundisha kuchimba choo akiwa naye hana, na jembe lake likaanza siku moja na majembe ya wenziwe.

Kichocho kingali kipo. Dawa ya prazikwanteli, ambayo mwaka wa 1973 ilikuwa haijafika, humezwa mara moja na huua minyoo; hutolewa shuleni, na tangu mwaka wa 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri iwafikie pia watu wazima, na watoto toka umri wa miaka miwili, katika mahali palipozidi. Ila dawa haimkingi mtu na kesho. Aliyemeza leo akirudi majini huambukizwa tena, na miezi michache yatosha. Wataalamu wa Bugando na wa kituo cha utafiti huendelea kwenda visiwani na katika mialo, wakipima na kuzungumza na watu, na mazungumzo hayo siku hizi huanza aghalabu kwa maji ya bomba: yatafika lini, na kwa bei gani. Swali hilo halimo katika fani ya tiba, na tabibu anayeulizwa hulazimika kulibeba kwa mwingine.

Alfajiri, katika mwalo wa Kirumba mjini Mwanza, mitumbwi ya dagaa hurudi na taa zake zimezimwa. Wavuvi wamekaa majini usiku mzima, mahali pasipo choo. Walio wengi walipita darasa la saba. Habari ya konokono waliisoma, wakaijibu katika mtihani, na baadhi yao walimeza vidonge wakiwa wamepanga mstari chini ya mti wa shule. Mtumbwi ukikaribia nchi kavu, mmoja hukunja suruali, hushuka hadi mapajani, hushika kamba, na kuuvuta.